"Bado sana" siyo hukumu, Mhariri

Mhariri, habari za kazi na poleni na majukumu. Naandika kutoka Mbeya, mtaa wa Mafiati, na kilichonifanya nishike kalamu ni maneno mawili tu yaliyotoka kwenye gazeti lenu Jumamosi ya wiki tatu zilizopita, kwenye ule ukurasa wa mchambuzi wenu wa filamu, chini kabisa kona ya kulia, baada ya muvi ya Kimarekani na ya Kihindi na mbili za Naijeria. Alitaja jina la filamu ya vijana wa hapa kwetu, akaweka nyota moja, na hukumu yake yote ikawa hivi: bado sana. Basi, nukta, imeisha.

Haya maneno mawili yameninyima usingizi na ili nieleweke itabidi nianzie mbali kidogo, naomba mnivumilie na barua msiikate katikati.

Mimi nina laibrari ya muvi tangu mwaka 2004. Nilianza na mikanda ya deki, ile mikubwa myeusi ambayo mteja akiirudisha bila kuirudisha nyuma unamtoza mia, ikaja CD, ikaja DVD, sasa hivi ni flashi na wengi wanaangalia kwenye simu, kwa hiyo upande mmoja wa fremu yangu nimeweka mashine ya fotokopi na kompyuta ya kuandikia barua za watu, ila upande wa pili shelfu la muvi bado lipo, sijaliondoa na sitaliondoa. Ukutani juu ya hilo shelfu ndo nabandika ukurasa wa mchambuzi wenu. Kila Jumamosi tangu mwaka 2009. Nakata na mkasi, napaka gundi, wa wiki hii unakaa juu ya wa wiki iliyopita, umeshakuwa mnene kama daftari la kaunta.

Na watu wanausoma kwelikweli. Mteja akiingia haendi kwenye shelfu, anaenda ukutani kwanza. Kuna dereva wa lori wa njia ya Tunduma anapita kila mwisho wa mwezi, anavua kofia, anasoma kwa kidole mstari kwa mstari halafu ndo anachagua. Wadada wa saluni ya jirani wanapaza sauti kutoka kule, dada hebu tusomee leo kasemaje. Mtu ukikodi muvi kwa jero, luku ni ya kununua, na usiku wa Juni huku kwetu baridi inauma mpaka kwenye mifupa familia nzima mko chini ya blanketi moja, hutaki masaa mawili yaende bure. Kwa hiyo hukumu fupi ina kazi yake na mimi na ufupi hatuna ugomvi hata kidogo.

Tena niseme wazi kabla sijalalamika, yule kaka anaijua kazi. Hukumu yake ambayo mimi naishika mpaka leo ilikuwa ya muvi moja ya Bongo, sitaitaja, alisema kijana anadaiwa kodi ya miezi sita lakini kila akitokea ana viatu vipya na yeye amehesabu pea saba. Mistari miwili tu! Watu walisimama pale ukutani wakacheka, wakaikodi ili nao wahesabu, na kweli ni saba. Sasa hata aliyeitengeneza ile muvi akisoma hapo anajua cha kwenda kurekebisha, anajua kosa lake lilikuwa viatu. Siku nyingine akaeleza kwa nini muvi zetu zinatembea sana, mtu anashuka kwenye gari getini, anapita bustanini, anapita sebuleni mpaka anakaa kwenye kochi, dakika nzima kamera inamfuata na hajasema kitu. Akasema CD moja inabeba dakika kama 80 hivi, na muuzaji anataka auze mbili, Part One na Part Two, kwa hiyo hadithi ya saa moja na nusu inavutwa kama jojo mpaka ijaze CD mbili na wewe ulipe mara mbili. Miaka mingi wateja walikuwa wananigombeza mimi, wakidhani nawaficha Part Two ili warudi kesho. Baada ya ile Jumamosi wakaniacha. Nilimshukuru sana moyoni.

Halafu kuna wiki ile Kanumba alipofariki, Aprili 2012. Shelfu lake lote liliondoka siku moja, watu wakawa wanapanga foleni kwa majina. Mchambuzi wenu akaandika filamu sita tu za Kanumba, sita, kila moja na hukumu fupi, na kila hukumu ikataja tendo moja alilolifanya, hapa anavyomtazama mama yake, hapa anavyokaa kimya kabla ya kujibu. Ukurasa ule niliuacha mwezi mzima bila kubandika mwingine juu yake. Watu wazima walikuwa wanausoma wananyamaza.

Sasa nimefanya hesabu na nadhani nimegundua tatizo lilipoanzia. Zamani ukurasa ulikuwa na muvi sita. Siku hizi ni kumi na mbili. Muvi moja tuseme masaa mawili, kumi na mbili ni masaa 24, yaani mtu akae siku nzima mchana na usiku bila kula wala kulala anaangalia tu, hajaandika hata herufi. Na hapo hatujahesabu kwamba za Kihindi ni ndefu zaidi. Mimi mwenyewe mwenye laibrari siwezi, macho yanauma. Kwa hiyo simlaumu yeye peke yake, inawezekana nyie ofisini ndo mmemwongezea mzigo mkidhani wingi wa muvi ndo msomaji anachotaka. Lakini matokeo yake ndo haya, hukumu zimekuwa nyepesi, inachosha, ya kawaida, kwa wanaopenda aina hii, bado sana. Hizo ni hukumu bila ushahidi. Hakimu wa mahakama ya mwanzo hawezi kukufunga kwa kusema tu wewe mbaya, lazima aseme ulifanya nini na nani alikuona.

Nitoe mifano kidogo ili nisionekane naongea hewani. Mwaka jana aliweka Sholay kwenye zile za zamani. Akaandika ndefu, imepitwa na wakati. Ndefu ni kweli, ni muvi ya 1975 na ina zaidi ya saa tatu, kwangu ilikuwa inakuja CD tatu kwenye kava moja. Lakini mimi nina mzee mmoja alistaafu reli kule Iyunga, hiyo muvi ameikodi mara nyingi sana sijui hata idadi, na siku moja nikamuuliza babu hii si unaijua yote, akaniambia mwanangu mimi naenda kuangalia ile sarafu. Wanaoijua wanajua. Amitabh Bachchan kwenye ile muvi ni Jai, na kila yeye na mwenzake Veeru wakibishana anarusha sarafu juu, sarafu ndo inaamua. Hata pale darajani, risasi zinaisha, mmoja abaki apambane na mwingine akimbilie kuleta nyingine, sarafu inarushwa na inaamua Jai abaki. Sisi tuliolelewa na vibanda vya video tunajua sheria ni moja, steringi hafi. Jai anakufa. Na akishakufa Veeru anaiokota ile sarafu anaigeuza, kumbe pande zote mbili zinafanana, kumbe muda wote haikuwa bahati, alikuwa anachagua mwenyewe kubaki kwenye hatari. Wasioiona wanisamehe nimewaharibia lakini imeshapita miaka hamsini. Sasa ukisema ndefu halafu sarafu hujaitaja, umemwambia nini mtu wa Mbarali ambaye ana jero moja na jioni moja? Ilitosha kusema ina zaidi ya saa tatu lakini iangalie ile sarafu mpaka mwisho.

Na yule mzee Kihindi hajui. Hilo nalo mchambuzi wenu hajawahi kuligusa. Wengi wetu huku muvi za nje tumezielewa kwa sauti za wanaotafsiri, tangu enzi za Lufufu mpaka hawa madijei wa sasa, mtu mmoja na maiki anaongea juu ya muvi nzima, anaigiza sauti ya mwanaume na ya mwanamke, anakueleza huyu ni nani na amekasirika kwa nini, na akiona umelala anakuamsha. Ukienda Chunya kwa wachimba dhahabu au Kyela msimu wa mpunga, kwenye kibanda umiza inayopigwa ni ya kutafsiriwa, ya Kiingereza watu wanadai hela yao. Kuna tafsiri inaiokoa muvi mbovu na kuna nyingine inaua muvi nzuri kwa kupiga kelele pale ambapo mtu anatakiwa kunyamaza. Msomaji wa huku anataka ajue hilo kabla ya sifa nyingine zote. Neno moja tu, imetafsiriwa vizuri au vibaya, basi.

Black Panther nayo, ile ya 2018 ya Ryan Coogler, ilipata mstari mmoja, makelele mengi mavazi mazuri. Hilo niliumia zaidi na nitasema kwa nini. Siku hiyo tulikuwa tunaiangalia dukani, mvua imewafungia watu ndani, kuna kijana wa chuo, kwao ni Kalenga kule Iringa, alikuja kufotokopi vitambulisho akabaki. Ikafika pale kwenye jumba la makumbusho London, Killmonger amesimama mbele ya vitu vya Kiafrika vilivyofungiwa kwenye vioo, anamuuliza yule mama anayevitunza, hivi mababu zenu mnadhani walivipataje, walivilipia bei ya haki? Yule kijana akaweka vitambulisho vyake juu ya mashine, akasema polepole, na kichwa cha Mkwawa je. Duka zima likanyamaza. Mimi mama yangu ni Mhehe, najua hadithi hii tangu tumboni. Mkwawa aliwapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, walipomzingira mwaka 1898 akajipiga risasi mwenyewe wasimshike, kichwa wakakikata wakakipeleka Ujerumani, mpaka kikaandikwa kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba kirudishwe, na bado kikarudi 1954, ndo kiko Kalenga mpaka leo. Miaka hamsini na sita! Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini ile sini ya makumbusho siyo makelele. Ni dakika chache tu mwanzoni mwa muvi lakini ndo muvi yenyewe, na mchambuzi wa gazeti la Kiswahili alitakiwa awe wa kwanza kuiona. Na kwa kuwa nimemtaja Mkwawa, Seko Shamte alishatengeneza filamu ya historia yake mwaka 2011, na mimi ninayekata huo ukurasa kila wiki sijawahi kuiona humo hata kwa nusu mstari.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji alisema picha nzuri mwendo wa taratibu, sawa, siyo uongo. Lakini wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaokuja kwangu kufotokopi notisi wanakisoma kile kitabu cha Shafi Adam Shafi kwa ajili ya mtihani, swali lao ni moja, muvi inafuata kitabu au inakiacha wapi, na hukumu haikuwajibu. Filamu ya pili ya nchi hii kupelekwa kugombea Oscar, baada ya Maangamizi ya 2001, ikaishia kwenye neno taratibu.

Haya, nirudi kwa vijana wangu, maana wao ndo wamenifanya niandike.

Wako wanne. Mmoja fundi simu pale Kabwe, mmoja kinyozi, mmoja anapiga picha za video za harusi na kamera ni ya kwake, na binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne ndo alikuwa anashika maiki. Filamu yao ina saa moja na dakika kumi. Ni hadithi ya mama aliyekuwa na kibanda soko la Mwanjelwa, soko likaungua mwaka 2006 akabaki na kanga aliyovaa, akaanza upya na viazi kule Uyole. Anayeigiza huyo mama hajawahi kuigiza maishani, ni muuza viazi kweli. Wamepiga picha wikiendi nane, kwa sababu siku za kazi yeye yuko sokoni na wao wako kwenye shughuli zao. Walipomaliza wakaniletea mimi kwanza niione, halafu wakachanga nauli ya mzigo wakaituma kwa basi mpaka ofisini kwenu, wakasubiri. Wiki tano. Kila Jumamosi yule fundi simu anakuja dukani gazeti likifika, anapiga jicho ukutani, anasema mama haijatoka, anaondoka.

Jumamosi hiyo ilipotoka mimi nilikuwa na foleni ya watu wa fotokopi, nikaukata ukurasa kama kawaida nikaubandika bila kusoma mpaka chini. Hilo naliumia mpaka leo, kwamba nimebandika kwa mikono yangu. Akaja, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaenda ukutani. Ilikuwa chini kabisa kwa hiyo akainama. Akasoma. Akabaki ameinama vile vile kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka, nadhani alikuwa anatafuta kama kuna mstari mwingine umeendelea upande wa pili. Akasimama akaniuliza, "Mama, bado sana wapi?"

Mhariri, sikuwa na jibu. Nimekaa kwenye muvi zaidi ya miaka ishirini na sikuwa na jibu, kwa sababu kwenye yale maneno jibu halimo. Bado sana sauti? Bado sana hadithi? Uigizaji? Au bado sana kwa sababu ni ya Mbeya na haina jumba la ghorofa Mbezi? Akachukua begi lake la vifaa akaondoka. Yule mama wa viazi bado anawauliza gazeti limesemaje na mpaka leo hawajamwambia.

Sasa kwa kuwa mchambuzi hakusema, niseme mimi, na sitawapendelea eti kwa sababu ni watoto wa hapa. Sauti ni mbovu. Dakika kumi za kwanza zimepigwa kando ya barabara kuu ya Zambia na kila mama akifungua mdomo lori linabadilisha gia, unasikia nusu ya anachosema. Sini mbili za usiku ni giza tupu, unaona meno tu. Mwisho wameukimbiza, mtoto anarudi kutoka Dar, anasamehewa na muvi inaisha kabla hujajua alikosa nini. Haya ni makosa makubwa na mtu akiyataja moja moja yanarekebishika, maiki ya kubana kwenye nguo siku hizi siyo bei ya kutisha, na mwisho unaweza ukapigwa upya kwa wikiendi mbili.

Lakini dakika ya 41. Mnunuzi anakuja na gari, anataka lumbesa. Sheria ni kilo 100 kwa gunia, kila mtu Uyole anaijua hiyo, na kila mtu Uyole anajua pia gunia linavyovalishwa kilemba juu mpaka linapitiliza mbali hiyo kilo 100 na bei ni ile ile. Kwenye muvi nyingine hapo angetokea mtu wa kuhutubia. Hapa hakuna. Kamera imetulia kwenye shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, inaingia inatoka, inaingia inatoka, kamba ya bluu inavuta wavu juu ya viazi, vinaongezwa vingine, shazia inaingia tena. Mvua inapiga turubai. Halafu mama anapewa hela yake, anawageuzia mgongo watu wote, analowesha kidole, anahesabu, anafika mwisho, anarudia tena kuhesabu, unaona mabega yake tu. Anazifunga kwenye ncha ya kanga, fundo moja, mawili. Anageuka anamwambia mnunuzi ndaga, asante kwa Kinyakyusa, na uso hauna kitu chochote. Hakuna muziki. Ni kama dakika tatu hivi, na mimi siku ya kwanza kuiona nilizima mashine ya fotokopi ili niisikie ile mvua.

Nimeangalia muvi za Bongo nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na yule muuza viazi mabega yake yameniambia kitu ambacho waigizaji wengi wa kulia kwa sauti hawajaniambia. Kama hamniamini mimi basi aniambie mchambuzi kwamba nimekosea, nitakubali, ila aniambie nimekosea wapi.

Sisemi hakuiona hiyo dakika ya 41. Nasema kwa maneno mawili aliyoandika mimi siwezi kujua kama aliiona au aliishia kwenye malori. Wala sidai awape nyota tatu za huruma, nyota moja ibaki kama anaona ni moja. Nimejaribu mwenyewe kuandika kwenye karatasi nione kama nafasi inatosha: "Sauti imezidiwa na malori na mwisho umekimbizwa. Vumilia ufike pale mama anapohesabu hela ya lumbesa, hapo vijana wanajua wanachofanya." Mistari mitatu kwenye kolamu yenu. Nimepima na rula. Yule kijana angesoma hiyo akaumia, ndiyo, lakini Jumatatu angeenda kutafuta maiki.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri ni dogo. Mrudishieni kaka yetu muvi zake sita. Hakuna mteja wangu hata mmoja aliyewahi kuniambia kumi na mbili ndo zinamtosha, dereva wangu wa Tunduma anakodi moja, mbili akiwa na hela. Na katika zile sita kila moja aseme kitu kimoja alichokiona au kukisikia humo ndani, kimoja tu, kiwe kizuri au kibaya, viatu saba, sarafu, chochote ambacho mtu akienda kuangalia atakikuta kweli. Na kama kuna muvi hajaimaliza, asiiandike wiki hiyo. Tutasubiri. Sisi huku kusubiri tumezoea, hata gazeti lenyewe linatufikia wakati nyie mmeshakula mchana.

Nimeongea na wale vijana wakanipa ruhusa, basi nimewatumia tena ile filamu kwa basi la leo asubuhi, mzigo nimeulipia mimi. Iko kwenye flashi nyekundu ndani ya bahasha ya kaki yenye jina la mchambuzi juu yake, humo ndani haina kitu kingine. Namuomba asirukie dakika ya 41 moja kwa moja japo nimeitaja, aanze mwanzo avumilie yale malori, maana usipomjua yule mama alikotoka yale mabega hayana maana. Na asiiangalie kwenye simu, atafute spika kubwa, ile mvua kwenye simu haisikiki.

Msomaji wenu wa Jumamosi,
Mafiati, Mbeya